Bibi wa Nyumba ya Mfano

Mama Utumishi alipouliza, "Mko wangapi nyumbani?" Povu akajibu, "Watatu," na mkewe aliyekaa pembeni akainama kama anayefunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa kandambili.

Walikuwa wanne. Wa nne alikuwa mama yake Povu, bibi mwenye kifua kibovu na mdomo mzima, ambaye saa hiyo alikuwa chumbani kwao kwa kupanga, anachambua maharage na kumsema mwenye nyumba kwa sauti ya kusikika. Lakini tangazo la pale getini kiwandani halikuficha kitu: inatafutwa familia ya mfano, baba mfanyakazi, mama mchangamfu, mtoto mmoja mwenye meno yake yote. Watapewa nyumba ya kukaa bure. Bure, bwana! Mtu aliyewahi kupanga anajua neno hilo linavyoingia sikioni.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha magodoro. Povu alipata jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchanganya dawa kwenye mapipa mpaka ziumuke, zitoe povu la kukatwa magodoro. Dawa zile zina harufu ya kukaba koo. Watu walikuwa wanaajiriwa leo, mwezi haujaisha wameshaondoka na vikohozi vyao, na huko mitaani wanakitangaza kiwanda vibaya. Ikafika mahali mashine zinasimama kwa kukosa mikono. Ndipo tajiri akamleta huyu Mama Utumishi, mama mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, anayekumbuka siku uliyozaliwa kuliko mkeo. Huyo hakusema feni mbovu zibadilishwe. Alisema, "Watu hawajui wema wetu. Tuwaonyeshe."

"Watatu," akarudia Mama Utumishi akitabasamu. "Vizuri sana. Familia inayokaa kwenye picha moja."

Njiani kurudi, Mama Chiriku, maana mtoto wao alikuwa anaitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo, akamgeukia mumewe. "Baba Chiriku, na mama je?"

"Mama atakuwepo. Kwani nimesema hatakuwepo? Nimesema tuko watatu."

"Sasa hiyo ni hesabu gani?"

"Ya kupata nyumba," akasema Povu.

*

Nyumba ilikuwa karibu na geti la kiwanda, yenye kuta nyeupe na maua mbele. Ndani mlikuwa na makochi, meza ya kioo, na bakuli la matunda ambayo Chiriku aliyang'ata siku ya kwanza akayatema, kumbe ni ya nta. Kabati la chumbani lilikuwa limejaa nguo tayari. Mama Chiriku akajaribu gauni la njano, likamkaa sawasawa, mpaka pale tumboni ambapo mwili ulishaharibika baada ya uzazi.

"Nani alinipima?" akauliza.

"Wana macho ya kazi," akasema Povu, anavaa shati lake. Nalo likamkaa.

Mama Chiriku akainua mkono kujitazama kwenye kioo. Kwapani mwa gauni mlikuwa na alama ya jasho, imefuliwa na kufuliwa lakini haikutoka. Si jasho lake. Akashusha mkono polepole.

Bibi aliletwa na mkokoteni wa vyombo, jioni, mlinzi anaangalia upande wa pili kwa sababu Povu alishamwomba kiume. Akapewa chumba cha nyuma. Ila kila Alhamisi, siku ya wageni, alitakiwa ahamie stoo.

"Stoo?" akasema bibi. "Kwani mimi gunia?"

"Mama, ni siku moja tu kwa wiki," Povu akambembeleza.

"Na gunia pia hutolewa likihitajika. Mimi nitahitajika lini?"

Mama Chiriku ndiye aliyempelekea kigoda na shuka la kujifunika, na glasi ya maji ya kuzuia kikohozi. Bibi akaketi katikati ya mafagio. "Nenda, mwanangu," akamwambia mkwewe, "kacheke. Mimi huku nitanuna kwa niaba yenu."

*

Alhamisi basi lilikuja limejaa vijana na kina mama wanaotafuta kazi. Mama Utumishi akawaongoza ndani akiongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia kwenye chumba cha mtoto aliyelala. "Karibuni. Msiwasumbue. Waacheni waishi tu." Kwa hiyo wale wageni hawakusalimia. Walipita nyuma ya makochi, wakafungua friji wakafunga, wakamtazama Povu anavyosoma gazeti, wakamtazama Mama Chiriku anavyosuka nywele za mtoto. Mmoja aligusa pazia. Mwingine aliinama akamchungulia Mama Chiriku usoni, karibu kabisa, akamwambia mwenzake, "Eti wana furaha kweli." Mama Chiriku akahisi pumzi yake shavuni na hakujua kama anaruhusiwa kupepesa macho.

Yalikuwepo maneno ya kujifunza. Mgeni akiuliza, Povu aseme, "Hapa kila mtu anasikilizwa." Mama Chiriku aseme, "Mume wangu anarudi mapema na moyo mweupe." Mtoto asilie. Hilo lilisisitizwa: mtoto acheke, au anyamaze, basi.

Mpango ule ulifanya kazi, lazima tuseme ukweli. Foleni ya waombaji ikafika barabarani. Mashine zikawa hazisimami, magodoro yanapakiwa mpaka jioni, tajiri akanunua malori mengine. Mama Utumishi akapewa ngao ya kioo kwa kulisafisha jina la kiwanda. Feni zilikuwa zile zile. Povu alikuwa anarudi macho mekundu, anakohoa kwenye taulo ili asisikike nje.

Lakini yale maneno hayakukaa Alhamisi peke yake. Jioni moja, wageni hakuna, mapazia yamefungwa, Mama Chiriku akauliza, "Chumvi imetosha?"

"Hapa kila mtu anasikilizwa," akajibu Povu, anatabasamu.

Kijiko kikasimama njiani. Wakatazamana. Povu akajifuta mdomo kama aliyekula kitu kibovu, akasema, "Imetosha, imetosha." Chiriku naye, basi lolote likipiga honi barabarani, alikuwa anaangua kicheko, hata kama anaoga, hata kama amejigonga. Machozi yanamlengalenga na huku anacheka.

Lililomtisha Mama Chiriku zaidi lilikuwa la Jumapili moja. Alipakua chakula, wakaanza kula, hadithi zinaendelea. Akasikia kidole kinagonga meza. Akainua uso. Bibi alikuwa amekaa mbele yake muda wote, mikono juu ya meza tupu. Sahani zilikuwa tatu.

"Kwani leo Alhamisi?" bibi akauliza.

"Mama, nisamehe! Sikuona..."

"Najua hukuona," akasema bibi, safari hii bila utani. "Hilo ndilo linalonitia baridi."

*

Siri ilipasuka kwa kikohozi. Ilikuwa Alhamisi yenye vumbi, bibi akashindwa kujizuia. Kijana mmoja kati ya wageni, fundi umeme mrefu mwenye begi mgongoni, akasogea mpaka kwenye mlango wa stoo akaufungua. Akamkuta bibi kizee amekaa gizani, shuka mabegani.

Povu akafumba macho. Mama Chiriku akaona nyumba yote inaondoka, makochi, friji, paa.

Yule kijana akavua kofia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea, au na wewe wamekuficha?"

Watu wakacheka. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wale waliokuwa wanapita kimya kama kivuli wakaanza kusalimia. Shikamoo bibi. Shikamoo mama. Wakampisha, akatoka akijishika ukuta, akakaa kwenye kochi.

"Mmekuja kuangalia nini?" akawauliza. "Mnakuja kwa watu hamsalimii, mnafungua friji! Mmefundishwa wapi?"

"Tumekuja kuona kama kazi ni nzuri, bibi," akasema yule fundi umeme.

"Kazi gani nzuri! Mwanangu anarudi ananuka kama dawa ya mende. Anakohoa huyo, ananiiga mimi." Akamtazama Povu, sauti ikapungua. "Lakini jioni anarudi. Na mtoto anakula. Mnataka niwaambie nini tena?"

Mama Utumishi alisimama mlangoni, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza. Wageni walipopanda basi, Povu akaanza kuomba radhi, maneno yanagongana.

"Baba, unaomba radhi ya nini?" akasema Mama Utumishi kwa upole. "Waliojiandikisha leo hawajawahi kuwa wengi hivi. Huyu mama ni dhahabu. Kwa nini mlikuwa mnamweka na mafagio?"

Mama Chiriku alitaka kufurahi. Furaha ikaja nusu, ikasimama.

*

Wiki iliyofuata bibi akaletewa kiti cha kuyumba na gauni la buluu lenye kola nyeupe. Picha yake ikabandikwa getini, kubwa kuliko mlango. Akapewa na maneno, yale yale aliyoyasema mwenyewe, ila yamepunguzwa. Kikohozi kiliondolewa, na dawa ya mende iliondolewa. Ilibaki, "Jioni mwanangu anarudi."

"Maneno yangu wamenirudishia yametolewa mifupa," akalalamika bibi. Lakini aliyasema. Wageni walicheka pale pale kila Alhamisi, na bibi akawa anasubiri kicheko, na baada ya muda akawa hatukani mtu hata siku za kawaida. Hilo Mama Chiriku hakulipenda hata kidogo. Alizoea kusemwa na mama mkwe wake; sasa akiunguza chakula anaambiwa, "Asante, mwanangu, kitamu."

Kifua kikamzidi bibi. Pumzi ikawa inapiga mluzi. Mama Chiriku akaenda ofisini kuomba apelekwe hospitali.

"Bila shaka," akasema Mama Utumishi, akamshika mikono yote miwili. "Atatibiwa kwa gharama zetu. Ila Alhamisi hii wanakuja wakubwa, wenye hisa. Avumilie ipite, sawa, mama?"

"Mama hawezi kupumua."

"Alhamisi tu, mama yangu."

Mama Chiriku hakungoja Alhamisi. Kesho yake asubuhi akamfunga bibi shuka, akasimamisha gari la mizigo barabarani, akampeleka mwenyewe. Wakamlaza. Alhamisi ilipofika akakaa naye wodini asubuhi, anajua huko nyumbani mambo yameharibika, kiti kitupu, wakubwa wamesimama. Mchana akaona si vizuri kumwacha mumewe peke yake kwenye aibu. Akarudi.

Basi la wageni lilikuwa limeegeshwa. Aliposukuma mlango akasikia wanacheka pale pale wanapocheka siku zote.

Kwenye kiti cha kuyumba alikuwa amekaa bibi. Gauni la buluu, kola nyeupe, shuka mabegani. Umbo lile lile, mvi zile zile. Sura haikuwa yake. Ilikuwa sura ya mwanamke mwingine kabisa, mwenye alama ya kuungua shingoni. Chiriku alikuwa amekaa mapajani pake. Povu alisimama nyuma, mkono juu ya kiti, akiwaambia wakubwa, "Mama yangu huyu, ndiye nguzo yetu."

Mama Chiriku akasogea, akainama kama anayemrekebishia shuka. "Wewe ni nani, mama?" akanong'ona.

"Mwanangu yuko kwenye mashine ya kukata," yule mama akanong'ona, midomo haichezi. "Ni kibarua. Wamesema nikikaa vizuri watampa kazi ya kudumu. Usiniharibie, mwanangu. Nakuomba."

Mkubwa mmoja mwenye miwani akamgeukia Mama Chiriku. "Na wewe unaishi vizuri na mama mkwe wako?"

Wengine nao wakasubiri jibu. Saa ya ukutani ilikuwa ya pambo tu, haikuwa na mlio. Mama Chiriku akamtazama mumewe, akamtazama yule mama wa watu aliyekaza vidole kwenye kiti, na mdomo wake ukajifungua wenyewe.

"Vizuri sana," akasema. "Kama mama yangu mzazi."

*

Jioni akampelekea bibi uji wodini. Bibi alikuwa amepata nafuu, rangi imerudi, na ukali kidogo umerudi nao.

"Wageni walikuja?"

"Walikuja, mama."

"Waliniulizia?"

Mama Chiriku alikoroga uji uliokwisha korogwa. "Hawakukuulizia."

"Hata mmoja?"

"Mama, hawakujua kama hupo."

Bibi akachukua kijiko, akaonja. Halafu akasema, "Uji wako una mabonge. Umepikia kwenye ndoo?"

Mama Chiriku akaanza kulia hapo hapo, bakuli mkononi, kwa raha ya kusikia akitukanwa.

Daktari alimruhusu bibi Alhamisi iliyofuata. Walishuka getini, bibi anatembea polepole, anashika bega la mkwewe. Mlinzi akatoka kwenye kibanda chake, akawaona, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mama Chiriku, wewe pita," akasema. "Ila huyu mama siwezi kumpitisha."

"Huyu mama? We humjui? Si ulikuwa unamwomba ugoro?"

"Namjua." Mlinzi alikuwa anatazama viatu vyake. "Lakini bibi ameshaingia. Nimeambiwa bibi ni mmoja, na yuko ndani. Nikipitisha wa pili nasimamishwa kazi, dada. Nisaidie."

Bibi akageuza shingo. Juu ya ukuta ile picha kubwa ilikuwa imebadilishwa sura. Gauni la buluu lilikuwa pale pale na kicheko pale pale. "Ana haraka kweli huyo mama," akasema taratibu. "Hata hajaningoja nife."

Mama Utumishi akaja mbio kutoka upande wa ofisi, viatu vinagonga lami. "Mama Chiriku! Basi limekaribia na wewe hujavaa! Huyu mama tutampangia utaratibu, asiwe na wasiwasi. Wewe ingia kwanza."

"Siingii bila yeye."

"Mama, fikiria nyumba yako."

"Nyumba gani? Yenye bibi wa kuazima?" Mama Chiriku akaukaza mkono wa bibi begani pake. "Siku ile nilimkana mbele ya wale wakubwa wenu. Leo simkani tena. Kama yeye haingii, mama wa nyumba hayupo."

Mama Utumishi hakukasirika. Ndilo lililokuwa baya. Alimtazama kwa huruma ya kweli, akampapasa mkono, akatoa simu. "Basi," akasema kwenye simu. "Na gauni la njano pia." Akarudi alikotoka, hatembei haraka tena.

Basi likaingia, vumbi likatanda. Lilipotulia, Mama Chiriku aliona pazia la dirisha la jikoni linafunguliwa. Mkono wa mwanamke, wenye bangili nyembamba, ukalifunga pembeni vizuri, kama mtu aliyelizoea pazia lake.

"Chiriku!" akaita. "Chirikuuu!"

Mtoto akatokea mlangoni, kicheko kimemganda usoni. Akawatazama wawili wa getini. Akageuka kutazama ndani. Akatazama tena getini, na alikuwa haendi mbele wala nyuma.

"We mke mwenzangu!" bibi akampayukia mjukuu wake kwa pumzi yote aliyopewa na hospitali. "Nani kakusuka vibaya hivyo? Unafanana na fagio!"

Uso wa Chiriku ukakunjamana. Akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa kicheko. Alilia kilio cha miezi yote ile, mbele ya basi zima la wageni, akakimbia pekupeku mpaka akamgonga bibi kiunoni nusura amwangushe. Hakuna aliyemfuata kumrudisha.

*

Kwa mwenye nyumba wao wa zamani chumba kilikuwa kimeshapangishwa. Wakapewa kile cha nyuma kilichokuwa banda la mkaa, wakafagia, wakatandika. Kiza kilipoanza kuingia, mlango ukagongwa. Povu alisimama nje, amevaa fulana, bila shati, macho mekundu.

Mama Chiriku hakumkaribisha wala hakumfukuza. Ni bibi aliyesema, "Ingia, mbu wanaingia."

Akaketi sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Akakohoa mpaka akamaliza, na safari hii hakutumia taulo.

"Na kazi?" mkewe akauliza.

"Kazi ninayo. Kule kwenye mapipa hakuna anayeletwa kukaa mahali pangu." Akajikuna shingo. "Nyumba ndiyo sinayo. Nilitoka nje kidogo kuwatafuta nyie. Niliporudi, kuna bwana amekaa na gazeti langu. Kanizidi urefu kidogo. Shati kanivua kijana mmoja wa ofisini, kwa adabu tu, akampa. Nikasimama dirishani. Yule bwana anawaambia wageni, 'Mimi wananiita Povu.'"

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka mluzi ukarudi kifuani, Mama Chiriku naye akashikwa, hata Povu akacheka uso kauficha mikononi. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaiona ile meza ya kioo na taa inayowaka, na watu wanaokula.

Chiriku alikuwa amelala mapajani mwa bibi, wamedhani amesinzia. Akafumbua macho.

"Baba," akauliza, "na mimi nipo kule?"

Povu akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama mkwewe. Mama Chiriku akanyoosha mkono, akamshika mtoto kisigino, akakiminya kwa nguvu, na hakukiachia.